Tepe Tatu na Nyota Moja

Hesabu ya Kadii haikuwa na kasoro, na ndiyo iliyomtia matatani. Mumewe, Kitsao, alikuwa sajini jeshini, na kwenye mkono wa sare yake zilikaa tepe tatu zilizopangana kama mbavu za samaki. Kijana aliyetaka kumwoa binti yao, Dena wa kule Ganze, alikuwa ametoka chuo cha jeshi cha Lanet si zamani, na begani alikuwa na nyota moja. Moja tu, tena ndogo. Kifungo cha kanzu ya padre ni kikubwa kuliko hiyo. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kununua nazi sokoni Malindi atakwambia kwamba tatu ni nyingi kuliko moja. Kadii hakusoma sana, lakini nazi amenunua.

Basi akajiwekea moyoni kwamba huyo mkwe ni askari mdogo wa mumewe, na kwamba siku ya kuletwa mnazi wa posa, ile pombe ya kuposea, itakuwa siku ya Kitsao kung'ara mbele ya kijiji chao kizima cha Ganda. Na alitaka sana Kitsao ang'are, kwa sababu ya mdomo wa Kahonzi.

Kahonzi alikuwa dada mkubwa wa Kitsao. Alifiwa na mume akarudi kwao, na inasemekana watu wa upande wa mume walilia sana msibani, kisha siku aliyofunga virago wakachinja mbuzi. Mdomo wa mama huyo haukuwa na mlango. Ulikuwa na pazia, na pazia lenyewe lilipepea kila upepo ukivuma. Tangu zile ghasia za kutaka kupindua serikali mwaka wa themanini na mbili, baadhi ya watu walipofukuzwa kazi ya bunduki, askari akionekana kijijini na nguo za raia majirani walikuwa wakitazamana. Kitsao hakuwa na doa lolote. Ni tabia yake tu: akija likizo, sare huikunja begini, akajifunga kikoi na kuingia kwenye mihogo na jembe. Miaka minne Ganda haikumwona ndani ya gwanda, na Kahonzi akapata la kusema.

"Wifi," alimwambia Kadii kisimani, kwa sauti ya kusikika hata na waliokuwa nyumbani, "huyo ndugu yangu bado ni askari, ama huko anakokwenda anauza mitumba?"

"Ni askari, wifi. Tena ana tepe tatu."

"Tepe? Hata fundi cherehani anazo. Anazo debe zima."

Wanawake wakacheka. Kadii naye akacheka, maana asiyecheka kisimani huchekwa mara mbili, akajitwika ndoo yake, na njia nzima maji yalimwagika kwa hasira.

Ndipo alipofanya mambo yake mawili. La kwanza, alimwita Sidi, binti yake, aliyekuwa akifundisha watoto wa nasari pale pale Ganda.

"Mwambie huyo Dena aje na sare. Kamili. Viatu, mkanda, kofia."

"Mama, si posa tu? Atakuja na suruali nzuri na shati."

"Mwambie mama mkwe ameomba."

Sidi akaenda kuandika barua, kwa sababu hapo hakuna la kuongeza. Kati ya mama mkwe na mkwewe, mutsedza kama wasemavyo Wagiriama, hakuna kupeana mkono, hakuna kula chombo kimoja, hakuna kutazamana usoni; na kwa vile hakuna hayo yote, neno la mama mkwe likitumwa halirudishwi. Dena akaomba ruhusa kwa wakubwa wake kambini, akapewa, na habari ikaja: atavaa.

La pili, Kitsao alipofika likizo na kwenda zake shambani kama kawaida, Kadii alilifungua begi, akaitoa sare. Akaifua, akaitia wanga wa muhogo, akaipiga pasi ya makaa mpaka suruali ingeweza kusimama yenyewe ikaenda dukani kununua sabuni. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu: Jumamosi sajini atakaa kwenye kigoda chake na sare yake, mje mhesabu wenyewe. Nyumba ya kwanza kuambiwa ilikuwa ya Kahonzi.

Kitsao alirudi jioni ya Ijumaa na tope miguuni, akaikuta sare imening'inizwa ukutani. Alicheka kwanza. Akaishika ncha ya mkono, akasema hata kambini hakuna anayejua kupiga pasi namna hii. Halafu kicheko kikafifia, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Mbona umenyamaza, Baba Sidi? Nimeiunguza?"

"Hukuiunguza. Ya nini imetoka?"

"Ya kesho. Wewe utavaa, na mkwe atavaa. Nimemwagiza."

Kitsao akaketi kitandani polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba kitanda kina nyoka lakini amechoka.

"Umemwagiza luteni aje na sare kamili."

"Nimemwagiza. Wawaone mkiwa pamoja. Wewe tatu, yeye moja."

"Mama Sidi, hiyo moja yake imekaa wapi?"

"Begani."

"Na hizi zangu tatu?"

"Mkononi."

"Bega na mkono, kipi kiko juu?"

Kadii akatazama bega la mumewe, akautazama mkono.

"Tepe ni za sisi askari," Kitsao akasema, na hakusema kwa ukali. "Koplo ana mbili, sajini tatu. Nyota ni za maafisa. Anaanza na moja, huyo ni luteni wa mwanzo kabisa. Akikomaa anapewa ya pili, anakuwa luteni kamili. Ya tatu, kapteni. Lakini hata hiyo moja, Mama Sidi, hata iwe imeshonwa jana na uzi bado unaning'inia, mimi nikiiona nasimama wima, napiga saluti, nasema afande. Hata ningekuwa na tepe zinazofika kwenye kucha."

"Mtoto yule! Wewe umeingia jeshini yeye hajaota meno!"

"Mtoto yule."

"Na hukereki?"

Kitsao akafikiri. Alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani, kwa kuwa yale mengi aliyatumia kwa kuwapigia watu kelele uwanjani.

"Wanatujia wametoka shule, hawaujui mguu wa kushoto. Mimi ndiye ninayewafundisha kutembea. Nawapigia kelele, nawatukana kwa adabu, 'Bwana mwanafunzi, wewe ni afisa au ni mfuko wa makaa?' Siku wanapovaa nyota, asubuhi ile ile, mimi ndiye wa kwanza kuwapigia saluti. Wengine mkono unawatetemeka wakiijibu. Nakereka? Tulikuwa mazoezini kule kaskazini, tangi la maji likatoboka. Tulikuwa na kijana wa nyota moja, ndevu zenyewe za kuhesabu. Maji yaliyobaki akayagawa kwa kifuniko cha chupa, kuanzia kwa mpishi. Mimi nikapata. Yeye alikuwa wa mwisho, na zamu yake ilipofika akakipindua kifuniko kinywani, akameza. Kilikuwa kitupu, nilikiona. Akajifuta midomo kama aliyekunywa. Basi ndiyo kazi ya nyota ile. Anapewa roho za watu thelathini kabla hajajua kupika chai. Chakula kikija, anakula baada yao. Mambo yakiharibika, haulizwi koplo, anaulizwa yeye. Mimi sipigii saluti umri wa mtu, mama."

Kadii alisikia vizuri, na yule kijana wa kifuniko akamwingia rohoni. Lakini jambo la kesho lilikuwa bado pale pale, limekaa katikati ya chumba kama mgeni asiyeaga.

Maana kulikuwa na Mramba. Mramba alikuwa kaka yao mkubwa, Kahonzi na Kitsao, na ndiye aliyezishika desturi za mbari, alizishika kwa mikono miwili kama mtu anayedhani zitaibwa. Na desturi ya mbari yao katika posa ilikuwa moja isiyo na mjadala: baba wa binti huketi kwenye kigoda kabla wageni hawajatokea, na hainuki mpaka binti aonje mnazi, ampe, naye anywe. Akiinuka kabla ya hapo, amemwinukia mkwe, na mnazi hurudi ulikotoka. Alikuwapo ami yao mmoja aliyeinuka kwa sababu ya siafu. Siafu, jamani! Mnazi ukarudishwa, na binti akakaa nyumbani mpaka akazeeka, akawa anamkaripia baba yake kwa kupoteza miwani.

"Basi usivae," Kadii akasema.

"Umeshawaambia watu?"

"Nimewaambia."

"Na Kahonzi?"

"Yeye wa kwanza."

"Nikitoka na kikoi kesho, jioni nimeshafukuzwa kazi, na kesho kutwa nimeshafungwa."

"Basi vaa, usisimame."

"Miguu hii si yangu. Ni ya serikali. Kofia ya afisa ikitokea, inasimama yenyewe."

"Basi tukamweleze Mramba."

"Mramba? Ukimwambia jua limechwa atauliza limemwomba nani ruhusa."

Kupeleka ujumbe Ganze hakukuwezekana. Usiku ulikuwa unaingia, na wageni wangeondoka huko kabla ya jogoo, wapande lori la makaa. Sidi alikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, akisikia kila neno, na Kadii alimsikia akipenga kamasi taratibu, kama mtu asiyetaka ijulikane analia. Mwaka mzima binti yule alikuwa akisubiri siku hii. Na mama yake ameiharibu kwa wanga wa muhogo.

"Baba Sidi," Kadii akasema baadaye, "umesema kofia ikitokea. Na isipotokea?"

"Vipi?"

"Akiwa nayo mkononi, si kichwani."

"Asiye na kofia hawezi kuijibu saluti. Kumpigia ni kama kumpa mkono mtu aliyebeba mtungi, unamwaibisha bure. Akija kichwa wazi, kwangu mimi kesho ni mkwe kama wakwe wengine, nakaa zangu." Akavuta shuka. "Lakini luteni aliyevaa sare kamili havui kofia njiani, Mama Sidi. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wasivue."

Kadii alikuwa ameshaanza kufikiri, na mwanamke yule akifikiri hukuna kisigino chake cha kushoto. Kisigino kilikunwa sana.

Asubuhi uwanja ulijaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, mihogo imenawiri imepita mabega ya mtu mzima, na njia ya kuingilia pale nyumbani ilipita katikati yake, nyembamba, huku na huku mashimo yaliyojaa maji mahali mihogo ilipong'olewa. Mramba aliweka kigoda mahali pake, akakisogeza kidogo, akakirudisha. Kitsao akatoka ndani.

Watu wakasema "Eee!" bila kupanga. Sare ile! Mikunjo ilisimama kama makali ya panga, bereti imelala upande, tepe tatu zinang'aa. Aliketi kwenye kigoda na mgongo umenyooka mpaka kigoda chenyewe kikaonekana kina cheo.

"Kumbe bado wanakuvisha," Kahonzi akasema, akaanza kuzihesabu tepe kwa kidole.

Kadii alikuwa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidole. Hapo ndipo mahali pa mama wa binti. Haonekani mpaka mnazi unywewe; mama anayejitokeza mapema huitwa mama mwenye njaa ya mkwe, na jina hilo, likimshika mtu, huzikwa nalo. Aliona watu wote na hakuna aliyemwona, na kwa kawaida hali hiyo ilimpendeza sana.

Wakatokea. Mbele alikuwa Dzombo, ami yake Dena, mzee mfupi aliyekumbatia kibuyu cha mnazi kama mtoto mchanga. Nyuma yake wanawake wawili wa Ganze. Na nyuma yao, juu ya majani ya mihogo, ikaja kofia. Kofia peke yake kwanza, bapa, ukingo wake mweusi ukimeremeta, ikaja inaelea sawasawa, haipandi wala haishuki, kama inayobebwa na maji. Halafu uso. Halafu mabega, na kwenye bega ile nyota.

Kadii alikuwa ameidharau nyota ile kwa mwezi mzima. Sasa aliiona kwenye mtu wake. Kijana mwembamba, mweusi wa kupendeza, aliyekulia mahali ambapo maji huendewa mwendo wa asubuhi nzima. Na alitembea kwa namna ambayo hata njia ya mihogo ikaonekana barabara. Hakuwa na majivuno. Alitembea kama mtu aliyebeba kitu cha watu wengine na hataki kimwagike. "Kifuniko cha chupa," Kadii akajisemea, ingawa alijua si yeye.

Ndipo akamtazama mumewe. Visigino vya Kitsao vilikuwa vimeshakutana. Magoti yalianza kutetemeka, mikono imekamata kingo za kigoda, mishipa ya shingo imesimama kama kamba ya kuvutia ng'ombe kisimani. Mtu mzima alikuwa anapigana na miguu yake, na miguu ilikuwa inashinda.

Kadii akajifunika kanga mpaka kwenye nyusi, akausukuma mlango, akatoka.

"Kadii!" Kahonzi alipiga kelele. "Unakwenda wapi? Ingia ndani!"

"Kuku wangu amepotea," Kadii akasema, na huyo, akashika njia, moja kwa moja kuelekea kwa wageni, akiita "Kurukuru, kurukuru," kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kupoteza kuku maishani mwake.

Nyuma yake alisikia uwanja ukinong'ona. Mama mwenye njaa ya mkwe. Haya, jina limeshapatikana, alijiambia, sasa tuone kama lilikuwa na maana. Maana hofu ilikuwa hii: vijana wa siku hizi. Mkwe wa zamani akikutana na mama mkwe njiani alikuwa akipisha njia yote, anaingia porini, anavua alicho nacho kichwani, anatazama chini mpaka mama apite. Lakini wa leo wamesoma. Binti wa jirani aliolewa na karani, na karani yule alimshika mama mkwe mkono katikati ya soko akamwuliza habari ya mafua. Na huyu si karani tu, ni afisa, viatu vyake vinaonyesha mawingu. Akisimama tu kando, na kofia yake kichwani, akasema "Shikamoo, mama," basi. Aibu yote itakuwa ya bure, Kitsao atainuka, na Sidi atazeeka akitafuta miwani ya baba yake.

Dzombo akamwona, akashtuka, akapisha na kibuyu chake. Wale wanawake wakapisha. Ikabaki njia, na mwisho wa njia, Dena.

Hakusita hata kidogo. Alipomtambua tu, alitoka njiani hatua moja kubwa, akaingia kwenye mihogo, kiatu kikazama shimoni mpaka juu ya kifundo, maji mekundu yakaruka yakapaka suruali, na kabla maji hayajatulia kofia ilikuwa imeshavuliwa, ipo chini ya kwapa, na macho yake yako ardhini. Akakaa hivyo hivyo, mguu mmoja topeni, wima kama mlingoti. Vishona nguo, zile mbegu zinazong'ang'ania nguo, vilimjaa kuanzia magotini mpaka kiunoni.

Kadii alipita. Desturi ilimkataza kumtazama, kwa hiyo alimtazama kwa jicho moja tu. Akaliona jasho linashuka kwenye shavu na hakulifuta. Moyo wake ukamwambia: huyu hata kwa bure ningempa.

Lakini alipokwisha kupita ndipo akili ilipomrudia, akakumbuka kosa lake. Amemfanya avue kofia, ndiyo. Na sasa? Mkwe akishapitwa na mama, huvaa tena kofia yake, anaendelea na safari! Uwanja ulikuwa bado mbele ya kijana. Kadii akageuka, kuku au hakuna kuku.

Dena alikuwa ameshatoka topeni. Kofia ilikuwa mikononi, inapanda kuelekea kichwani, na macho yake kwa mara ya kwanza yalitazama uwanja. Akamwona Kitsao. Akaona bereti, tepe tatu, kigoda. Akaona mikono iliyokamata kingo na magoti yanayotetemeka. Kofia ikasimama hewani, karibu na sikio. Yule kijana alitazama kwa muda wa mtu kumeza mate mara moja. Hakuna aliyemwambia kitu. Angeambiwa na nani?

Akairudisha kofia chini ya kwapa.

"Vaa kofia yako, mwanangu," Dzombo akamwambia. "Hatukutoka Ganze kuja kuonyesha kichwa."

"Kuna joto, ami," Dena akasema.

Akaingia uwanjani kichwa wazi. Kadii, kutoka mbali kule kwenye mihogo, aliona mikono ya mumewe ikiachia kigoda kidogo kidogo, na mabega yakishuka, na magoti yakitulia. Mnazi ukawekwa. Dena akapiga magoti kwenye mkeka, mbali, mahali pa mkwe, na tope lake na vishona nguo vyake. Mramba akauliza maswali yake yote, na mengine ambayo hayakuwepo. Sidi akaitwa, akaja amejifunika, akapokea mboko, kile kibuyu kidogo cha kunywea, akauvuta mrija kwa midomo miwili mikavu, akaonja. Akampa baba yake. Kitsao akanywa.

Akanywa wote. Mramba akasema "Umekubaliwa," vigelegele vikapasuka, na wale wanawake wawili wa Ganze wakapiga kelele za watu kumi.

Kadii alirudi kwa mlango wa nyuma, akatokea mbele, kwa sababu sasa ilikuwa ruhusa. Kahonzi alikuwa anamngoja.

"Umemwona kuku?"

"Nimemwona."

"Wifi, mimi nimeishi, lakini mama kumkimbilia mkwe njiani namna ile sijapata kuona. Ganda hawatakuita jina lingine."

"Waite tu," Kadii akasema. "Nitaitika."

Kahonzi angeendelea, ana akiba ya miezi, lakini wakati huo Kitsao aliinuka kwenye kigoda. Aliinuka bila haraka, akanyoosha shati, akaweka bereti sawa, na vigelegele vikapungua vyenyewe.

"Dena," akasema. "Simama, mwanangu. Vaa kofia."

"Baba, hakuna haja. Leo hapa mimi ni—"

"Mnazi nimekwisha kunywa. Ya mbari yamekwisha. Yaliyobaki ni yangu mimi. Vaa kofia, afande."

Neno lile likatua uwanjani kama jiwe kisimani. Mramba akauliza, "Amemwitaje?" Dena akasimama, akavaa kofia, akaiweka kwa vidole viwili. Kitsao akapiga hatua, moja, mbili, kama yuko kambini na uwanja wote ni wa saruji, akakita mguu chini mpaka kuku wa kweli akaruka, na mkono wake ukapanda ukasimama kwenye ukingo wa bereti. Ulikuwa mkono wenye tepe tatu, na ulisimama mbele ya nyota moja, na haukutikisika.

"Wifi," Kahonzi akanong'ona, "ni tatu zimeisalimu moja, ama ni macho yangu?"

"Ni macho yako yameanza kuona," Kadii akasema.

Dena akaijibu saluti. Mkono wake ukapanda vizuri, umenyooka, japo midomo ilikuwa inamcheza. Wakasimama hivyo, baba na mkwe, wametazamana, mkono kwa mkono. Kila mtu akangoja mikono ishuke.

Haikushuka.

Dzombo akakohoa. Vishona nguo vilikuwa vinamwasha yule kijana, ilionekana, goti moja lilijikunyata likarudi.

"Afande," Kitsao akasema kwa pembe ya mdomo, "shusha."

"Shusha wewe kwanza, baba."

"Siwezi. Askari hashushi kabla ya afisa. Ni kosa."

"Na mimi siwezi. Mkwe hashushi kabla ya baba mkwe. Ni kosa."

"Nani kakwambia?"

"Mama yangu."

Jua lilikuwa linapanda. Mramba akamwinamia Dzombo akamwuliza kama kule Ganze watu hukwama hivyo mara kwa mara, Dzombo akasema hapana, hii ni mara ya kwanza, labda ni ule mnazi. Sidi alikuwa ameuma upindo wa kanga yake. Mabega yalimtikisika, na safari hii hakuwa analia. Kadii aliegemea kizingiti akiwatazama, mmoja amemlea kwa muhogo na mwingine amemtumbukiza topeni, na akaona wazi kwamba ataachiwa wanaume wawili wa kuwapikia, na hakuna hata mmoja atakayekubali kutangulia kula.

"Afande," Kitsao akasema tena. "Nikuulize. Uwanjani, wakati wa gwaride la mafunzo, anayetoa amri ni nani?"

"Ni sajini, baba."

"Na wanafunzi maafisa, hufanya nini?"

"Hutii."

"Vema. Basi hapa utashusha na mimi nitashusha. Pamoja. Kwa sauti yangu."

Akavuta pumzi. Na ile sauti ambayo nyumbani kwake haikuwa imesikika hata siku moja, sauti iliyowafundisha vijana wa shule kuujua mguu wa kushoto, ikatoka ikaipita mihogo, ikaipita minazi, ikaenda kuwagonga watu waliokuwa wanapalilia mashamba ya mbali:

"Mkonooo... shusha!"

Mikono miwili ikateremka kwa kishindo kimoja. Na Kahonzi, ambaye hakuna aliyemwamrisha, akajikuta ameshusha na wa kwake, ule aliokuwa ameuziba nao mdomo.